Kiichiro Toyoda: kabla Toyota haijakuwa gari ya kuaminika

Kutoka Bunia mpaka Uvira, uliza shoferi ni gari gani itavuka potopoto la msimu wa mvua na kufika, atataja Toyota bila kufikiri mingi. Land Cruiser njo inapeleka wagonjwa hospitali, njo inabeba mifuko ya maharagwe na watu wamekaa juu ya mifuko. Mijini ni Noah, Corolla na Probox, nyingi zikiwa na volani kwa kuume, juu zilitengenezwa kwa ajili ya Japani ambako watu wanafuata mkono wa kushoto wa barabara. Fundi wa garaji ataongeza sababu zake: piesi zinapatikana hata kwenye senta ndogo, na siku mwenye gari anataka kuiuza, mnunuzi hakosekani.

Ile sifa haikuzaliwa pamoja na gari. Toyota za kwanza kabisa zilikuwa zinakufa barabarani, na mtu aliyezitengeneza alikuwa anaenda mwenyewe kuziangalia pale zilipokufa. Jina lake ni Kiichiro Toyoda.

Alizaliwa tarehe 11 Juni 1894 katika kijiji cha mkoa wa Shizuoka. Baba yake, Sakichi Toyoda, alikuwa mtoto wa seremala aliyekua akiona mama yake akifuma vitambaa kwa mkono, na maisha yake yote aliyapoteza, kama jirani walivyoona, ao aliyatumia, kama historia inavyoona, kwa kutafuta mashine ya kufuma iliyo bora. Sakichi hakuwa baba wa nyumbani. Mama ya Kiichiro aliondoka mtoto akiwa bado mchanga kabisa, na kijana alilelewa kwanza na wazazi wa baba yake, kisha na mke wa pili wa Sakichi. Watu waliomjua walisema alikuwa mtu wa maneno machache.

Alisoma uhandisi wa mashine kwenye Chuo Kikuu cha Tokyo, akamaliza mwaka wa 1920, kisha akaingia kwenye kazi ya familia. Pamoja na baba yake alishugulikia mashine ya kufuma ya mwaka 1924 iliyoitwa Aina G. Ile mashine ilikuwa na akili moja ya ajabu: uzi ukikatika, inasimama yenyewe. Haiendelei kufuma kitambaa kibaya mpaka mtu aje kushituka. Mfanyakazi mmoja akaweza kuangalia mashine nyingi kwa wakati mmoja. Mwaka wa 1929 kampuni ya Waingereza, Platt Brothers, ilikubali kulipa pauni 100,000 ili iwe na haki ya kutengeneza mashine hiyo. Wakati ule Waingereza ndio walikuwa mabwana wa mashine za nguo duniani, kwa hiyo si jambo dogo wao kununua akili ya mtoto wa seremala wa Japani.

Mwaka uliofuata, 1930, Sakichi akafariki. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa alimwambia mwanawe afanye magari, sawa yeye alivyofanya mashine za kufuma. Iwe ni kweli kabisa ao imeongezwa chumvi kidogo, Kiichiro alikuwa tayari ameshaanza: kwenye kona moja ya kiwanda cha mashine za kufuma, kule Kariya, alikuwa anafungua moteri ndogo ya kigeni na kuifunga tena.

Kwa watu wenye busara ilikuwa wazimu. Kisha tetemeko kubwa la 1923 kuharibu Tokyo na reli zake, mji ulinunua Ford mamia kutoka Marekani ili ziwe mabasi, na Wamarekani wakaona soko. Ford ikaanza kuunganisha magari Yokohama mwaka wa 1925, General Motors ikafuata Osaka mwaka wa 1927. Matajiri wakubwa wa Japani waliangalia wale wawili na wakaamua kutojiingiza. Hata nyumbani kulikuwa na wasiwasi. Mkubwa wa kampuni alikuwa Risaburo, shemeji ya Kiichiro, aliyeoa dada yake Aiko na kuchukua jina la familia. Risaburo alijua hesabu, na aliogopa magari yatakula feza yote ambayo mashine za kufuma zimeleta. Mwishowe alikubali, na tarehe 1 Septemba 1933 idara ya magari ikafunguliwa ndani ya kiwanda cha mashine za kufuma.

Walinunua Chevrolet moja, wakaifungua yote, wakachora kila kipande. Hapo njo shida zilianza. Kuyeyusha chuma na kumwaga mwili wa moteri, wenye matundu na njia za maji ndani yake, si sawa na kumwaga kipande cha mashine ya kufuma. Vingi vilitoka na nyufa, vikarudishwa motoni. Chuma kizuri cha gari hakikupatikana Japani, na wenye viwanda vya chuma hawakutaka kujisumbua kwa ajili ya mteja mdogo, kwa hiyo Kiichiro akajenga tanuru lake mwenyewe. Moteri ya kwanza ilipowaka mwaka wa 1934, ilikuwa na nguvu kidogo kuliko ile Chevrolet waliyoiga. Wakarudi mezani.

Gari ndogo ya kwanza ya majaribio, A1, ilitoka Mei 1935. Lakini jeshi na serikali walitaka malori, ao kamyo kama wengi wanavyosema huku kwetu, na Kiichiro akafanya haraka. Haraka ile ilimgarimu. Lori G1, la kubeba tani moja na nusu, lilionyeshwa Tokyo mwezi wa Novemba 1935, miezi michache tu tangu la majaribio kumalizika. Wateja wa kwanza walipoanza kupakia mizigo, chuma kinachobeba magurudumu ya nyuma kikawa kinavunjika. Vitu vingine pia vilivunjika. Lori la Toyoda kusimama kando ya barabara likawa jambo la kuchekesha watu.

Namna alivyojibu aibu ile njo kitu kikubwa kuliko vyote katika maisha yake. Malori yaliuzwa kwanza pale Nagoya na eneo la karibu, ili fundi waweze kufika upesi. Lori likikufa, usiku ao mchana, watu wa kiwanda walienda, walilitengeneza, na mteja hakulipa. Kiichiro alienda naye, akalala chini ya gari, akaangalia kipande kilichovunjika, kisha mchoro ukabadilishwa na lori linalofuata likatoka tofauti. Kwa wahandisi wake hakupenda ripoti nzuri ya karatasi. Alitaka mikono yenye mafuta. Inasimuliwa kwamba siku moja mfanyakazi alishindwa kujua mashine yake inasumbua juu ya nini, na Kiichiro akakunja mikono ya shati, akaingiza mkono ndani ya sufuria ya mafuta na kutoa uchafu wa chuma uliokuwa chini.

Upande wa biashara alipata mtu sawasawa: Shotaro Kamiya, aliyetoka General Motors ya Japani mwaka wa 1935, akakubali mshahara mdogo kuliko ule aliouacha. Kamiya alipanga mambo hivi: anayefaidika wa kwanza ni mnunuzi wa gari, wa pili ni muuzaji, wa tatu ni kiwanda. Lori liliuzwa kwa bei ya chini kuliko ya Wamarekani, hata kama kulitengeneza kulikula feza zaidi. Ni wazi kwamba hakuna duka linaloishi hivyo miaka mingi. Sheria ya mwaka 1936 iliwasaidia, juu ilifunga mlango kidogo kidogo kwa Ford na General Motors. Kwa hiyo wasifiwe fundi, lakini serikali nayo ilisukuma.

Mwaka ule ule, 1936, jina likabadilika. Watu waliitwa kuchora alama ya magari, michoro karibu 27,000 ikatumwa, na iliyochaguliwa iliandika Toyota badala ya Toyoda. Kwa maandishi ya Kijapani neno Toyota linaandikwa kwa mistari minane, na nane kule ni namba ya baraka. Kampuni yenyewe ilianzishwa tarehe 28 Agosti 1937, na kiwanda kikubwa kikafunguliwa Koromo Novemba 1938. Pale Kiichiro alitaka kitu kipya: kila kipande kifike kwenye mstari wa kazi siku kinapohitajika, kwa hesabu inayohitajika, hakuna stoki inayolala. Hakuwa na feza ya kujaza depo. Wazo lile, lililoendelezwa baadaye na Taiichi Ohno, leo linafundishwa kwenye vyuo vya dunia nzima.

Vita ilivunja mipango yote. Toyota ilitengeneza malori ya jeshi la Japani, jeshi lililofanya mabaya makubwa China na Asia ya Kusini-Mashariki, na ukurasa huo hauwezi kurukwa. Kiichiro, aliyekuwa mkurugenzi mkuu tangu 1941, aliona kazi yake ikirudi nyuma: chuma kilipokosekana, lori lilitoka na taa moja tu mbele, breki kwenye magurudumu ya nyuma peke yake, na chumba cha shoferi cha mbao. Tarehe 14 Agosti 1945, siku moja kabla ya Japani kutangaza kwamba imeshindwa, ndege za Marekani zilipiga kiwanda cha Koromo na kuharibu karibu robo yake.

Baada ya vita alikuwa na maelfu ya watu wa kulisha na hakuwa na uhakika kama ataruhusiwa kutengeneza gari hata moja. Walitafuta kazi nyingine, kuanzia vyombo vya udongo mpaka chakula. Mwanawe Shoichiro alipelekwa kaskazini, Hokkaido, kujifunza kazi ya kusindika samaki. Ruhusa ya malori ilipatikana, lakini mwaka wa 1949 serikali ilibana feza ya inchi ili kuzuia bei kupanda, na wateja walionunua malori kwa deni hawakuweza kulipa. Benki zilikuja kuokoa kampuni kwa masharti.

Hapa njo pagumu. Mwisho wa 1949 Kiichiro alikuwa amewaahidi wafanyakazi kwa maandishi: wakubali kukatwa sehemu ya kumi ya mshahara, naye hatafukuza mtu. Wao walikubali. Miezi michache baadaye, Aprili 1950, kampuni iliomba watu 1,600 waondoke. Wafanyakazi wakagoma, na walikuwa na haki, juu karatasi ilikuwepo. Mgomo ulidumu miezi miwili. Kiichiro, mwenye tatizo la damu kupanda, hakutafuta mtu wa kumtupia kosa. Tarehe 5 Juni 1950 aliacha kiti chake. Zaidi ya watu 2,000 waliondoka pia kwenye kampuni, na wao hawakuwa na nyumba kama yake ya kurudia.

Siku 20 tu baadaye, vita ya Korea ikaanza. Jeshi la Marekani likahitaji malori karibu na uwanja wa vita, likaagiza 1,000 kwa mara ya kwanza, kisha mengine. Feza ambayo Kiichiro aliitafuta miaka miwili iliingia akiwa nyumbani. Na ni wakati huo huo, akiwa nje, kiwanda kilipotengeneza gari ya aina ya jeep, Toyota BJ, iliyopanda mlima Fuji mpaka kituo cha sita Julai 1951, pahali ambapo gari haikuwa imefika. Mwaka wa 1954 ilipewa jina Land Cruiser.

Taizo Ishida, aliyechukua nafasi yake, alimwendea Kiichiro mapema mwaka wa 1952 na kumuomba arudi kuongoza. Alikubali. Lakini damu ilipasuka ndani ya kichwa, akafariki tarehe 27 Machi 1952 kabla ya kukaa tena kwenye kile kiti, akiwa na miaka 57. Risaburo, shemeji aliyeogopa magari, alimfuata mwezi wa Juni mwaka ule ule.

Corolla ilitoka 1966, Hilux 1968, na ile Land Cruiser ya namba 70, ambayo mashirika na hospitali za Kivu na Ituri wanaipenda mpaka leo, ilianza 1984, miaka miwili tangu Shoichiro, mtoto wa Kiichiro, akalie kiti cha baba yake. Februari 2010 ikawa zamu ya mjukuu, Akio Toyoda. Mamilioni ya Toyota yalikuwa yamerudishwa garaji juu ya gari kuongeza mwendo bila shoferi kutaka, na Akio alisimama mbele ya wabunge wa Marekani kuomba samahani, akasema kampuni ilikua haraka kupita kiasi.