Jina la Livingstone pale Shangani

Wengi wenu mkienda likizo Unguja mmeuona, pale ufukweni Shangani, mkahawa ulioitwa Livingstone. Watoto hudhani alikuwa mpishi. Hakuwa mpishi. Jengo lile lilikuwa ubalozi wa Kiingereza, na mwaka 1874 maiti yake ililazwa humo ikingoja meli.

Sisi tuliosoma shule za misheni tulizijua habari zake kwa moyo: kuzaliwa Scotland 1813, kazi katika kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10, kisha udaktari na umisionari. Tusichosomeshwa ni kwamba alipofika Unguja 1866, Sayyid Majid alimpa nyumba ya kukaa na barua ya kumtambulisha huko bara, na mwaka uliofuata Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, akampa mbuzi, mtama na nguo. Naye akala kwao huku akiipinga biashara yao ya watumwa. Kwa hilo la kuipinga alikuwa na haki, ingawa najua baadhi yetu hatupendi kulisikia.

Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Wafuasi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba karibu maili 1,000 mpaka Bagamoyo. Alizikwa Westminster Abbey, London. Susi na Chuma hawakuwepo mazikoni, meli haikuwachukua. Ningekuwa mwenye mkahawa, ningewaandika na wao pale mlangoni.