Johannes Gutenberg, Fundi wa Herufi za Biblia

Herufi nyeusi, nene, zenye kona kali na ncha za mapambo, tunazoziona katika vichwa vya vyeti na kadi za upadrisho hata huku kwetu Kisaka, huitwa herufi za Kigothi. Leo ni za urembo. Ukiandika nazo barua nzima, msomaji atachoka kabla ya aya ya pili. Hata hivyo, Biblia kubwa ya kwanza kuchapwa Ulaya kwa herufi za metali ilichapwa yote kwa herufi za namna hiyo, na fundi wake alikuwa Johannes Gutenberg.

Alizaliwa Mainz, Ujerumani, yapata mwaka 1400. Kufikia mwaka 1438 aliishi Strasbourg, akishirikiana na wenzake kutengeneza vioo vidogo vya kuwauzia mahujaji wa Aachen. Hija ikaahirishwa hadi mwaka 1440, na mtaji wao ukakwama. Alikuwa mfanyabiashara, tusiharakishe kumfanya mtakatifu.

Aliporudi Mainz alikopa kwa Johann Fust gulden 800 mwaka 1450, na baadaye 800 nyingine. Alimimina katika kalibu risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, akapata herufi moja moja zilizoweza kupangwa, kuchapiwa, kupanguliwa na kupangwa tena. Mtambo wake ulifanana na shinikizo la zabibu.

Kwa nini Kigothi? Kwa sababu ndiyo iliyokuwa sura ya kitabu cha sala. Wanakili waliandika misale kwa mkono kwa mwandiko huo, naye hakutaka Neno la Mungu lionekane geni altareni. Alitengeneza maumbo yapatayo 290, mengine mapana, mengine membamba, mengine yameunganishwa, ili kingo za safu zilingane kama alivyofanya mnakili hodari. Ukurasa ulibeba safu mbili za Kilatini, nyingi zikiwa za mistari 42, na herufi kubwa za mwanzo zikaachiwa wachoraji. Askofu Enea Silvio Piccolomini, aliyekuja kuwa Papa Pio II, aliona kurasa hizo mwaka 1454, akamwarifu Kardinali Carvajal kwamba zilisomeka bila miwani. Herufi tunazoziona leo kuwa ngumu ziliwapumzisha macho watu wa wakati ule!

Mwaka 1455 Fust alimshtaki kwa deni lililoongezeka riba. Gutenberg alishindwa. Fust aliendelea na kazi pamoja na Peter Schöffer, aliyekuwa msaidizi wa Gutenberg, na mwaka 1457 wakatoa Zaburi nzuri ajabu yenye majina yao wawili. Katika Biblia ile ya mistari 42 halimo jina la mtu yeyote.

Mwaka 1465 Askofu Mkuu Adolf wa Mainz alimpa posho ya kila mwaka: mavazi, nafaka na divai. Alifariki Februari 1468, akazikwa katika kanisa la Wafransisko mjini humo. Kanisa hilo lilibomolewa baadaye, na kaburi lake halijulikani lilipo.