Gottlieb Daimler

Gottlieb Wilhelm Daimler (17 Machi 1834 – 6 Machi 1900) alikuwa mhandisi na mfanyabiashara kutoka Ujerumani. Akishirikiana na Wilhelm Maybach, aliunda injini ndogo ya petroli iliyozunguka kwa kasi kuliko injini zote za wakati wake. Mwaka 1885 waliifunga injini hiyo kwenye fremu ya mbao yenye magurudumu mawili. Chombo hicho, kilichotengenezwa katika karakana ya nyumbani, kwa kawaida huhesabiwa kuwa pikipiki ya kwanza duniani kutumia petroli.

Maisha ya awali

Daimler alizaliwa katika mji mdogo wa Schorndorf, katika ufalme wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Alipomaliza shule alijifunza kazi ya kutengeneza bunduki, ambako alizoea kuchonga vyuma kwa vipimo vya uhakika. Baadaye alisoma uhandisi mjini Stuttgart, kisha akafanya kazi Ufaransa na Uingereza.

Miaka ya 1860 alisimamia karakana ya taasisi ya Kikristo mjini Reutlingen iliyolea yatima na kuwafundisha ufundi. Huko alikutana na Wilhelm Maybach, yatima aliyezaliwa mwaka 1846 na aliyekuwa na kipaji cha kuchora mashine. Urafiki wao ulidumu hadi kifo cha Daimler. Daimler aliona mbali na kutafuta fedha. Michoro mingi ilitoka mikononi mwa Maybach.

Kazi Deutz

Mwaka 1872 Daimler aliajiriwa kuongoza uzalishaji katika kiwanda cha injini za gesi cha Deutz, karibu na Köln, na Maybach akamfuata. Mwaka 1876 Nikolaus Otto, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda hicho, alikamilisha injini ya mipigo minne: kuvuta mchanganyiko wa hewa na gesi, kuukandamiza, kuulipua na kutoa moshi.

Injini ya Otto ilikuwa nzito, na ilizunguka chini ya mara 200 kwa dakika. Ilifaa kusimama mahali pamoja na kuendesha mashine za kiwandani. Daimler alitaka injini ndogo inayoweza kubebwa na chombo. Yeye na Otto hawakuelewana, na mwaka 1882 aliacha kazi.

Karakana ya bustanini

Daimler alinunua nyumba yenye bustani kubwa huko Cannstatt, karibu na Stuttgart. Kibanda cha vioo cha kukuzia mimea alikiongezea chumba cha matofali na kukifanya karakana. Yeye na Maybach walifanya kazi humo kwa siri. Inasimuliwa kwamba mtunza bustani, aliposikia vyuma vikigongwa usiku na mchana, aliwashuku kuwa wanatengeneza fedha bandia akawaita polisi. Polisi walipopekua walikuta injini tu.

Tatizo kubwa lilikuwa kuwasha mchanganyiko kwa haraka. Mwaka 1883 walipata hataza ya njia mpya: kibomba kidogo kilichochomekwa kwenye silinda na kupashwa moto kwa nje mpaka kuwa chekundu. Pistoni ilipokandamiza mchanganyiko, sehemu yake iliingia ndani ya kibomba na kuwaka. Kwa njia hiyo injini ilifikia mizunguko 600 kwa dakika. Petroli waliyotumia wakati huo iliuzwa katika maduka ya dawa kama kitu cha kusafishia.

Pikipiki ya mwaka 1885

Ili kuijaribu injini barabarani walihitaji chombo chepesi. Walitengeneza fremu ya mbao, magurudumu ya mbao yaliyofungwa pete za chuma, na magurudumu mawili madogo ya pembeni ili chombo kisianguke. Injini ya silinda moja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 264 na nguvu ya nusu farasi, iliwekwa chini ya tandiko. Mkanda ulipeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma. Mwendo wa juu ulikuwa takriban kilomita 12 kwa saa.

Daimler alipata hataza ya chombo hicho tarehe 29 Agosti 1885. Mwezi Novemba kiliendeshwa kutoka Cannstatt hadi Untertürkheim, umbali wa kilomita 3 hivi. Kwa kuwa kibomba cha moto kilikuwa chini ya mwendeshaji, inasimuliwa kuwa tandiko lilishika moto njiani.

Daimler hakuendelea na pikipiki. Kwake ilikuwa jaribio la kuonyesha kwamba injini inaweza kujibeba yenyewe na kumbeba mtu. Mwaka 1886 aliweka injini kubwa zaidi kwenye mashua na kwenye gari lililoundwa kuvutwa na farasi. Mwaka huohuo Karl Benz wa Mannheim alionyesha gari lake la magurudumu matatu, bila wawili hao kushirikiana. Mwaka 1888 injini ya Daimler ilitumika kuendesha puto angani.

Kampuni na miaka ya mwisho

Mwaka 1890 kampuni ya Daimler-Motoren-Gesellschaft iliundwa kwa fedha za wawekezaji, nao wakashika usukani. Maybach aliondoka mwaka 1891, na Daimler mwenyewe akasukumwa pembeni katika kampuni yenye jina lake. Waliendelea na utafiti katika hoteli iliyoachwa wazi huko Cannstatt, wakaunda injini bora zaidi iliyoitwa Phönix. Mwaka 1895 mfanyabiashara Frederick Simms, aliyetaka haki za injini hiyo kwa Uingereza, aliweka sharti kwamba Daimler arudishwe. Wote wawili walirudi.

Daimler alifariki kwa ugonjwa wa moyo na kuzikwa Cannstatt. Hakuliona gari la kwanza la Mercedes, lililobuniwa na Maybach na kukamilika mwishoni mwa mwaka 1900. Kampuni yake iliungana na ya Benz mwaka 1926.

Urithi

Pikipiki yenyewe iliteketea mwaka 1903 kiwanda cha Cannstatt kilipoungua. Zinazoonyeshwa leo katika majumba ya makumbusho ni nakala zilizoundwa upya kwa mikono. Karakana ya bustanini imehifadhiwa kama makumbusho.

Muundo wa msingi haujapotea: injini katikati ya magurudumu mawili, chini ya mwendeshaji. Bodaboda zinazobeba abiria na mizigo Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kwa kawaida hutumia injini ya silinda moja na mipigo minne, kama ile ya mwaka 1885. Kibomba cha moto kimeachwa. Nafasi yake imechukuliwa na plagi inayotoa cheche za umeme.