Grace Hopper na kazi ya kulitafuta kosa

Kila anayejifunza kutengeneza tovuti, awe Gisenyi mjini, ng'ambo ya mpaka Goma au katika kambi ya Kiziba, hufika siku moja mahali pale pale. Ameandika kila kitu kama alivyoelekezwa, anafungua ukurasa wake, na skrini inabaki nyeupe. Au picha haionekani, au kitufe hakifanyi kitu. Wengi huacha hapo. Hudhani tatizo ni wao wenyewe: hawakusoma vya kutosha, Kiingereza chao ni kidogo, kazi hii si ya watu kama wao.

Mwanamke tunayemzungumzia leo alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuandika programu za kompyuta. Naye alikutana na makosa kila siku. Kwake kulitafuta kosa lilikuwa sehemu ya kazi, na hakuona sababu ya kulificha.

Grace Brewster Murray alizaliwa New York, Marekani, tarehe 9 Desemba 1906. Alipokuwa na miaka 7 alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi. Akaifungua, vipande vikamwagika, akashindwa kuirudisha. Akafungua ya pili ili aone ya kwanza ilivyopaswa kupangwa, kisha ya tatu, mpaka saa 7 za nyumbani zikawa zimefunguliwa. Mama yake alipogundua, alimwachia saa moja tu ya kuchezea.

Baba yake aliamini kwamba binti zake wanapaswa kusoma sawa na kaka yao, ili waweze kujitegemea. Lakini njia haikuwa nyepesi. Grace alipoomba kuingia Chuo cha Vassar akiwa na miaka 16, alikataliwa kwa sababu ya alama zake za Kilatini. Alisoma mwaka mmoja zaidi, akarudi, akakubaliwa. Alihitimu hisabati na fizikia mwaka 1928, na mwaka 1934 akapata udaktari wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale, jambo lililokuwa nadra kwa mwanamke wa wakati ule. Jina la Hopper alilipata kwa mume wake, waliyeoana mwaka 1930 na baadaye kuachana.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili, Hopper alikuwa mwalimu Vassar. Aliomba kujiunga na jeshi la majini, akaambiwa umri wake umezidi na uzito wake ni mdogo mno. Aliomba kibali maalumu, akakubaliwa mwishoni mwa mwaka 1943. Julai 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye mashine iliyoitwa Mark I.

Mark I haikufanana na kompyuta tunazozijua. Ilikuwa na urefu wa mita 15 hivi, kimo cha zaidi ya mita 2, na vipande zaidi ya 700,000. Maagizo yake yalitobolewa kama matundu kwenye utepe wa karatasi, na mashine iliyasoma safu kwa safu. Tundu moja likikosewa, jibu la hesabu nzima liliharibika. Tena kosa lingeweza kutoka sehemu tatu: agizo lenyewe, utepe uliotobolewa vibaya, au kipande cha mashine kilichokwama. Hakukuwa na njia ya kubahatisha. Ilibidi kuondoa shaka moja, kisha nyingine, mpaka ibaki moja.

Tarehe 9 Septemba 1947 kikundi hicho kilikuwa kikifanya kazi na mashine iliyofuata, Mark II. Ilipokwama, mafundi waliifungua wakakuta nondo, yule mdudu mwenye mabawa anayefuata taa usiku, amenaswa ndani ya swichi namba 70. Walimtoa, wakambandika kwenye daftari la kazi, wakaandika kwamba hilo lilikuwa tukio la kwanza la mdudu halisi kupatikana. Ulikuwa utani, kwa sababu mafundi wa Marekani walikuwa tayari wakiita hitilafu kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mdudu. Thomas Edison alilitumia tangu mwaka 1878. Wengi husimulia kwamba Hopper ndiye aliyemwona nondo yule. Si yeye. Ila ndiye aliyekisimulia kisa hicho kwa miaka mingi hadi kikajulikana duniani. Daftari lenyewe, na nondo wake, sasa limehifadhiwa na makumbusho ya taifa ya Smithsonian mjini Washington.

Yapo mambo ya kujifunza katika ukurasa ule. Walioutunza waliandika saa (saa tisa na dakika 45 alasiri), namba ya swichi, na walichokikuta. Hawakuuliza nani wa kulaumiwa. Waliandika mahali, ili siku nyingine wajue pa kuanzia.

Anayejenga tovuti leo anaweza kufuata njia hiyo hiyo. Picha isipoonekana, tazama jina la faili herufi kwa herufi. Kwenye laptopu ya Windows, Picha.jpg na picha.jpg ni kitu kimoja. Kwenye seva nyingi, zinazotumia Linux, ni faili mbili tofauti. Ndiyo maana ukurasa unaweza kufanya kazi vizuri nyumbani ukaharibika ukipandishwa mtandaoni. Ukibadilisha rangi na isibadilike, huenda kivinjari kinakuonyesha nakala ya zamani kilichoihifadhi; bonyeza Ctrl, Shift na R kwa pamoja ili kipakue upya. Ukurasa ukivurugika kuanzia katikati, angalia kama kuna alama uliyoifungua bila kuifunga. Kitufe kisipofanya kazi, bonyeza F12 na usome maandishi mekundu: mara nyingi yanataja faili na namba ya mstari. Halafu badilisha kitu kimoja tu, ujaribu tena. Ukibadilisha vitano kwa pamoja, hata ukipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Mwaka 1949 Hopper alihamia kampuni moja ya Philadelphia iliyokuwa ikitengeneza kompyuta iitwayo UNIVAC. Tangu Harvard, yeye na wenzake walikuwa na madaftari ya vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa, wakiazimana na kunakili kwa mkono. Aliona kwamba makosa mengi yalizaliwa katika kunakili: namba inarukwa, herufi inasomwa vibaya. Akajiuliza kwa nini binadamu, ambaye hunakili vibaya, afanye kazi ambayo mashine ingeifanya bila kuchoka. Kufikia mwaka 1952 alikuwa na programu iliyokusanya vipande hivyo yenyewe na kuvigeuza kuwa maagizo ya mashine. Programu za aina hiyo huitwa kompaila. Wengi hawakuamini. Walishikilia kwamba kompyuta inajua hesabu tu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuiagiza kompyuta kwa maneno ya kawaida. Alipowaonyesha wakubwa wake mfano ulioelewa maneno ya Kiingereza, aliongeza mwingine wa Kifaransa na mwingine wa Kijerumani. Wakashtuka: kompyuta iliyojengwa Marekani itaelewaje Kifaransa? Hopper alijua kwamba mashine haielewi lugha yoyote. Inalinganisha alama na alama. Kwetu Rubavu, ambako kijana mmoja huongea Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa kabla ya adhuhuri, hilo ni neno la kushika. Maagizo ya tovuti yana asili ya Kiingereza, lakini ni machache na hujifunzwa kama alama za barabarani. Asiyejua Kiingereza vizuri ana kazi ya ziada anaposoma maelezo, ila mlango haukufungwa.

Kazi hiyo ya maneno ndiyo iliyokuwa msingi mkubwa wa COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa kuanzia mwaka 1959 na ambayo bado inatumika katika mifumo ya benki nyingi duniani.

Jeshi lilimstaafisha mwaka 1966. Mwaka uliofuata likamwita arudi kwa miezi 6, kwa sababu programu zake za kompyuta zilikuwa hazipatani. Miezi hiyo ikawa miaka 19. Ofisini alitundika saa iliyozunguka kinyumenyume, kuwakumbusha watu kwamba mazoea si sheria. Katika mihadhara aligawa vipande vya waya vya sentimita 30 hivi, umbali ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ili wasikilizaji waelewe kwamba hata mashine yenye kasi ina mipaka. Alistaafu kabisa Agosti 1986, akiwa na miaka 79 na cheo cha admirali.

Grace Hopper alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington. Meli moja ya kivita ilipewa jina lake, na mwaka 2016 alitunukiwa nishani ya juu ya raia wa Marekani.

Anayejifunza katika kituo chenye kompyuta chache na umeme unaokatika hawezi kuiga maabara ya Harvard, lakini daftari analo. Andika tarehe, ulichokiona, ulichokibadilisha na kilichotokea. Umeme ukikatika, daftari linabaki wazi. Bando likiisha, bado unaweza kulisoma. Na mwenzako akikwama kesho mahali ulipokwama wewe leo, mpe ukurasa huo asome.