JACKIE MORKEL: ALIWASHINDA WAINGEREZA, AKAANGUSHWA NA TUMBO

Kijana wa Bonga, simama kidogo usome. Barabara unayopita kila siku, hiyo ya kutoka Babati kwenda Kondoa, unajua ni nani walipita upande huu mwezi Aprili 1916? Wanajeshi wa Afrika Kusini, kama 1,200, juu ya farasi! Na miongoni mwa maskauti wao alikuwamo nyota wa mpira, Jackie Morkel.

Usifikiri ni mpira huu wa Simba na Yanga. Ni raga, ule mpira wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi, watu wanaangushana kweli kweli. Jackie alizaliwa Novemba 1890 huko Somerset West, karibu na Cape Town. Mwaka 1912, akiwa na miaka 21, alipanda meli kwenda Ulaya na timu ya taifa. Akina Morkel peke yao walikuwa wanne!

Jamani, walicheza. Scotland 16-0. Ireland 38-0, Jackie kafunga mara mbili. Wales 3-0. Tarehe 4 Januari 1913 wakaingia Twickenham, uwanja ambao timu ya Uingereza ilikuwa haijawahi kushindwa. Ikashindwa 9-3, na Jackie alifunga. Wiki moja baadaye Wafaransa nao wakala 38-5 kule Bordeaux. Mechi tano, zote ushindi. Hebu niambie, wewe ungekuwa na miaka 22 na nguvu namna hiyo, ungeogopa nini?

Mwaka 1914 dunia ikawaka moto. Vita vikafika mpaka huku, maana nchi yetu ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Jackie akaja akiwa askari wa kawaida tu, skauti wa Jenerali Van Deventer. Jeshi hilo liliondoka Arusha tarehe 3 Aprili 1916, likapigana Lolkisale, likapita Ufiome, likaingia Kondoa tarehe 19.

Masika ya huku unayajua mwenyewe. Matope, mito imejaa, magari hayapiti. Mbung'o wakawauma farasi, wakafa mamia kwa mamia. Chakula na dawa vikakwama nyuma. Kidogo kilichofika kilibebwa na wapagazi, Waafrika wenzetu, ambao katika vita vile walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawana hata kaburi linalojulikana. Hao hakuna aliyewapigia makofi uwanjani.

Usiku wa tarehe 9 Mei Wajerumani wa Von Lettow-Vorbeck wakaishambulia Kondoa, wakarudishwa nyuma. Kumbe adui mwingine yumo kambini tayari: kuhara damu! Ugonjwa wa maji machafu na inzi, ambao leo unaenda zahanati unatibiwa. Tarehe 15 Mei 1916 ukamuua Jackie Morkel. Alikuwa na miaka 25.

Mwenzake wa timu ile ile, Tommy Thompson, aliuawa vitani Juni mwaka huo huo, karibu na Kangata, upande wa Handeni. Na Poulton, yule aliyewafungia Waingereza pointi zao 3 siku ile ya Twickenham, alikuwa ameshauawa Ubelgiji tangu Mei 1915.

Jackie hakurudishwa kwao. Amezikwa Dar es Salaam, kwenye makaburi ya vita, barabara ya Bagamoyo. Ukifika huko siku moja, ingia uyatazame majina, na umri ulioandikwa pembeni.