Mtunza Filamu Asiyetupa Kitu

Wiki iliyopita nilifuta video ya igizo letu la mwaka wa kwanza ili simu ipate nafasi ya madesa. Baadaye nikagundua hakuna mwenzangu mwingine aliyekuwa nayo. Ndipo nikamkumbuka Henri Langlois.

Langlois alizaliwa mwaka 1914 Smyrna, mji wa Uturuki unaoitwa Izmir siku hizi. Mji ulipoteketea mwaka 1922, familia yake ilihamia Paris. Huko jamaa alipenda sinema kuliko darasa, na mtihani wa kumaliza sekondari akafeli.

Wakati huo filamu zenye sauti zilikuwa zimeshaingia. Zile bubu zikaonekana takataka. Nyingine ziliyeyushwa ili ipatikane fedha iliyokuwa kwenye mkanda. Langlois akaanza kuziokota. Mwaka 1936, akiwa na miaka 21 tu, yeye na Georges Franju walianzisha Cinémathèque française. Inasimuliwa kwamba filamu nyingine alizitunza kwenye beseni la kuogea nyumbani! Wajerumani walipoitawala Paris, yeye na wenzake walizificha wasizione.

Hakuchagua nzuri na mbaya. Alisema moyoni kwamba watakaokuja ndio watakaoamua, akahifadhi zote. Tena alizionyesha, na vijana kama Truffaut na Godard walijifunzia sinema kwenye viti vyake.

Simpambi. Kwenye mahesabu na orodha alikuwa hovyo, na moto wa mwaka 1959 uliteketeza filamu nyingi. Februari 1968 serikali ikamng'oa. Hapo ndipo palipochimbika: watengenezaji filamu wa nchi mbalimbali walizuia kazi zao zisionyeshwe pale, vijana wakaandamana, polisi wakawashushia virungu. Aprili akarudishwa. Mwezi uliofuata, wanafunzi wa Paris wakaingia barabarani kwa madai yao wenyewe.

Mwaka 1974 alipewa Oscar ya heshima. Alifariki Januari 1977.

Ninachojifunza kwake ni kwamba kitu chenye thamani kesho, leo kinafanana kabisa na takataka. Mimi bado nina video za kampeni za uchaguzi wetu, zinatikisika na sauti haisikiki vizuri. Nilipanga kuzifuta jana. Nimeziacha, na madesa nimeyahamishia kwenye flashi.