Shaaban Robert: Karani Aliyejitafutia Saa za Kusoma

Mwalimu mpya hutoka chuoni akiwa na vitabu vichache sandukuni na azma kubwa moyoni. Baada ya miaka miwili mitatu, madaftari ya kusahihisha, maandalio ya masomo, shamba la shule na haja za nyumbani huwa zimekwisha kuila siku yake yote, na vitabu vile hubaki palepale sandukuni. Tumeliona jambo hili kwa walimu wengi walio wema, wala hatuwi wepesi wa kuwalaumu. Hata hivyo, mwalimu aliyeacha kusoma hufundisha kwa akiba aliyokuja nayo, na akiba hiyo hupungua kila mwaka bila yeye kutambua. Kwa hiyo tumeona yafaa kuwaeleza wanachuo maisha ya mtu mmoja wa pwani hii ya Tanga, ambaye hakuwa mwalimu wa darasa, alikaa shuleni miaka michache tu, na muda karibu wote wa utu uzima wake alikuwa karani wa serikali.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Kutoka Raskazone, tunakoandikia maneno haya, Machui si mbali. Katika utoto wake, hata hivyo, pande hizi mbili zilikuwa kama nchi mbili. Rasi hii ilikuwa ya wakubwa wa kigeni, na mnamo Novemba 1914 majeshi ya Waingereza yalishuka hapa ufukweni kupigana na Wajerumani, yakashindwa. Mtoto wa Machui alikuwa na umri wa karibu miaka sita. Tanga yenyewe haikuwa ngeni kwa maandishi: shule ya serikali ilikuwapo tangu 1892, na gazeti la Kiongozi lilianza kuchapishwa hapa mwaka 1904. Hivyo yule asemaye kwamba Shaaban alichipuka jangwani hasemi kweli. Lakini kuwapo kwa maandishi mjini ni jambo moja, na mtu kuyafanya kuwa chakula chake cha kila siku ni jambo jingine.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaingia kazini katika idara ya forodha. Huko alidumu hadi mwaka 1944, akitumikia Pangani na vituo vingine. Wanachuo na waitafakari kazi hiyo. Karani wa forodha hushinda akihesabu mizigo, akijaza hati na kunakili tarakimu. Ni kazi ya kalamu, naam, lakini kalamu hiyo haimtaki mwenyewe awaze. Saa zake zilizobaki zilikuwa jioni, usiku na siku za mapumziko, na katika saa hizo ndimo ilimobidi kuingiza jamaa, sala, wageni na usingizi. Kazi yake yote tunayoisifu leo ilitoka katika mabaki hayo ya siku.

Alisoma nini? Hapa tuna jambo la kuwafaa walimu, kwa kuwa mtu hushuhudiwa na maandishi yake. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ilianzisha Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililosomwa mpaka vijijini, nalo lilikuwa na nafasi kwa washairi. Katika miaka ya 1930 mashairi ya Shaaban yakaanza kuonekana humo. Wakati uleule vilikuwa vimetoka vitabu vya tafsiri vilivyoenea mashuleni, kama Kisiwa chenye Hazina, Mashimo ya Mfalme Sulemani na hekaya za Alfu Lela Ulela. Wengine walivisoma vitabu hivyo kwa kujiburudisha, wakavifunga. Shaaban alikuwa msomaji wa namna nyingine. Kitabu chake Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, kimejengwa juu ya hekaya moja ya Alfu Lela Ulela, ile ya ndugu watatu ambao wawili kati yao waligeuzwa kuwa wanyama kwa sababu ya husuda. Aliichukua, akabadili majina ya watu yakawa majina ya tabia zao, akaitia mawazo yake juu ya wema na uovu, na ikawa hadithi ya Kiswahili kabisa. Huko ndiko tunakoita kusoma kwa kumeng'enya.

Ushahidi mwingine ni Omar Khayyam. Mshairi huyu Mwajemi aliishi zaidi ya miaka mia nane kabla ya Shaaban, na Mwingereza FitzGerald alizitia beti zake katika Kiingereza mwaka 1859. Karani wetu alizipata katika Kiingereza hicho akazigeuza kuwa Kiswahili. Tukumbuke kwamba beti hizo husifu mvinyo na kutilia shaka mambo mengi, na mfasiri alikuwa Mwislamu mcha Mungu aliyeandika tenzi za maadili. Hakukiepa kitabu kwa sababu hakikusema kama asemavyo yeye. Kwa maoni yetu, hilo ndilo jambo la kiume kuliko yote katika usomaji wake, na walimu wanaosoma vile tu vinavyokubaliana nao wangefaa kulipima.

Vita vya 1939 hadi 1945 vilimkuta bado yu mtumishi wa serikali. Alivitungia utenzi wenye beti zipatazo 3,000, uliochapishwa baada ya kufa kwake, mwaka 1967, kwa jina la Utenzi wa Vita vya Uhuru. Mtu aliye mbali na uwanja wa vita hawezi kusimulia Ulaya, Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Mbali bila kufuata habari mwezi baada ya mwezi. Habari ambazo wengine walizisoma wakazisahau, yeye alizigeuza vina.

Wala asidhani mtu kwamba alikuwa na maisha matulivu. Mkewe Amina alifariki akamwachia watoto, na kwa binti yake Mwanjaa alitunga Utenzi wa Hati, kwa mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Mwaka 1944 alihamishiwa Mpwapwa, katika idara ya mifugo, mbali na bahari aliyoizoea. Mwaka 1946 alirudi Tanga katika ofisi ya wilaya, na kuanzia 1952 akawa katika ofisi ya kupima ramani hadi mwaka 1960. Kila uhamisho ni kufunga na kufungua mizigo. Walimu wanalijua hilo. Hata hivyo Kufikirika, kisa chenye mjadala mrefu juu ya mafundisho ya mtoto wa mfalme, aliuandika katika miaka hiyo ya misukosuko, na Kusadikika ikatoka mwaka 1951. Nduguye Yusuf Ulenge, naye mwandishi, alikuwa mtu wa kuandikiana naye. Barua za Shaaban kwake, za kati ya 1931 na 1958, zimekwisha kuchapishwa, na anayetaka kumwona karani huyu bila joho la umaarufu azisome.

Kuna jambo moja tunalipenda zaidi. Msomaji huyu mkubwa alikwenda kumsikiliza mwimbaji Siti binti Saad wa Unguja, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, akaandika wasifu wake. Siti alifariki mwaka 1950, na wasifu ulitokea mwaka 1958. Kumbe masikio ya Shaaban nayo yalisoma.

Malipo yake yalikuwa madogo. Alipata nishani na sifa, akakaa katika kamati za Kiswahili, lakini alipofariki mwezi Juni 1962 miswada kadhaa ilikuwa bado haijachapishwa. Kufikirika ilitoka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zikafuata 1968. Amezikwa Machui.

Katika darasa, tumeona njia moja inayotokana na maisha haya. Mwalimu huwasomea watoto wa darasa la tano hekaya fupi, kisha huwataka waisimulie upya ikitukia kijijini kwao, na majina ya watu yaeleze tabia zao. Watoto hucheka sana, na husoma mara ya pili bila kuamrishwa. Mwalimu naye aitunge yake usiku uliotangulia, asije akawaagiza jambo asilolijaribu. Robo saa yatosha kuanza, kabla ya kuyagusa madaftari na si baada yake, maana baada yake macho huwa yamechoka. Kwa asiyepata kumsoma Shaaban, tungemshauri aanze na Maisha Yangu, ambacho ni kifupi na chepesi, aendelee na Adili na Nduguze, na Kusadikika akiache mpaka likizo, kwa kuwa hotuba zake ndefu hazitaki msomaji mwenye haraka.